Kezilahabi Madison: alikwenda na nini, akarudi na nini?

Ukitaja Nagona mbele ya wasomaji wa riwaya za Kiswahili, hukosi mtu wa kusema: "Aa, ile si aliandika baada ya kutoka Marekani!" Basi, mjadala umeisha. Kitabu kigumu? Madison. Hakina kisa kinachoshikika? Madison. Hebu turudi kwenye historia yenyewe, maana naona tunampunja mzee wetu.

Euphrase Kezilahabi alizaliwa 1944 Namagondo, Ukerewe, kisiwani katika Ziwa Viktoria. Shahada ya kwanza aliipata Chuo Kikuu cha Dar es Salaam 1970, na ya uzamili hapohapo 1976, kwa utafiti juu ya Shaaban Robert. Miaka ya 1980 akawa Madison, jimbo la Wisconsin, akisomea udaktari. Mji huo umekaa kwenye ukanda mwembamba wa nchi kavu kati ya maziwa mawili, Mendota na Monona. Mtu wa ziwa akaenda kuishi kati ya maziwa, ila haya ya huko huganda wakati wa baridi, watu wakatembea juu yake.

Kwa nini huko? Chuo kile kilikuwa na idara nzima ya lugha na fasihi za Kiafrika, iliyoanzishwa 1964. Harold Scheub alifundisha masimulizi ya Kiafrika, na upande wa historia alikuwepo Jan Vansina, aliyewafanya wanahistoria wayaheshimu mapokeo ya mdomo kama ushahidi. Nyumbani nako hali ilikuwa ngumu: Vita vya Kagera vilikuwa vimeacha uchumi hoi, sukari na sabuni ni za foleni.

Mwaka 1985, mwaka uleule Nyerere alipong'atuka urais, Kezilahabi akamaliza tasnifu yake kuhusu falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi. Aliiandika kwa Kiingereza. Kisha akarudi kuandika kwa Kiswahili: mashairi ya Karibu Ndani 1988, Nagona 1990, Mzingile 1991.

Mlinganishe na Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyekwenda Leeds 1964. Ngũgĩ aliondoka bila shahada, lakini na riwaya ya A Grain of Wheat, kwa Kiingereza. Kigikuyu alikirudia miaka kumi baadaye. Kezilahabi alirudi na shahada, na lugha yake ya ubunifu hakuibadilisha.

Sasa, je, Madison ndiyo iliyomgeuza? Tazama tarehe. Kichomi, diwani iliyowachoma watetezi wa vina na mizani, ilitoka 1974. Kichwamaji, yenye swali zito la kama maisha yana maana yoyote, ni mwaka huohuo. Maswali alikwenda nayo. Gamba la Nyoka ya 1979 bado ilikuwa riwaya ya uhalisia, ya vijiji vya ujamaa. Kilichobadilika baada yake ni umbo. Nadhani alichokipata Madison ni nafasi ya kuuliza kwa utulivu: kwa nini riwaya ya Kiafrika ipimwe kwa kipimo cha Ulaya? Nagona ni jibu lake, na jibu hilo limejaa ngano, ndoto na sauti za wahenga kuliko theluji.

Linaloniuma ni jingine. Hoja zake ziko kwa Kiingereza, riwaya zake kwa Kiswahili. Msomaji wa Kiswahili anapewa jibu bila swali, halafu tunamlaumu kwamba haelewi. Baadaye Kezilahabi akahamia tena, safari hii kufundisha Chuo Kikuu cha Botswana, na 2020 akafariki dunia. Kazi ya kuzifikisha hoja hizo nyumbani, kwa lugha aliyoichagua mwenyewe kubunia, imebaki mikononi mwetu.

Wakati tunaingoja, anza na Kichwamaji, kisha ndo ushike Nagona. Utaona ni mtu yuleyule.