Kifua kikuu sugu ndani ya hospitali: fundisho la Tugela Ferry

Tunapotembelea wagonjwa tunasikia mara nyingi neno hili: "Aliacha dawa, ndiyo maana TB yake imekuwa sugu." Mara nyingine ni kweli. Lakini si kila mara, na inafaa makanisa yetu yajue sababu.

Kifua kikuu kinaitwa sugu kwa dawa nyingi wakati mikrobe haiuawi tena na rifampisini na isoniazidi, dawa mbili za msingi. Usugu unamfikia mtu kwa njia mbili. Ya kwanza, dawa zilikatizwa au hazikutosha, na mikrobe zilizoshinda dawa zikabaki na kuongezeka. Ya pili, mtu anavuta hewa yenye mikrobe ambayo tayari ni sugu, iliyotoka kwa mgonjwa mwingine anayekohoa. Huyu hakuacha dawa hata siku moja.

Darubini haiwezi kutofautisha njia hizo. Kwa hiyo wachunguzi wanasoma ADN ya mikrobe, kama vile alama za vidole. Wagonjwa wengi wakiwa na mikrobe zenye alama moja, hiyo ni dalili kwamba ugonjwa umepita kutoka mtu hadi mtu.

Hivyo ndivyo ilivyoonekana Tugela Ferry, katika KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kwenye hospitali iliyoanzishwa na misioni ya Kanisa la Scotland. Kati ya Januari 2005 na Machi 2006, wagonjwa 53 walikutwa na kifua kikuu kilichoshinda karibu dawa zote. Kati yao 52 walikufa, wengi ndani ya majuma machache. Wote 44 waliopimwa VIH walikuwa nayo. Zaidi ya nusu hawakuwa wametibiwa TB kamwe, lakini karibu theluthi mbili walikuwa wamelazwa hospitalini muda si mrefu. Mikrobe za wagonjwa 46 zilipochunguzwa, 39 zilikuwa na alama zinazofanana. Wengi wao, basi, waliambukizwa na wengine, na wodi ilikuwa mojawapo ya mahali pa hatari.

Tunajifunza nini? Vituo vyetu vya afya vifungue madirisha. Mwenye kukohoa asikae katikati ya wengine, bali apewe barakoa na apimwe mapema. Mashine ya GeneXpert, iliyokubaliwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2010, inaonyesha kwa muda wa saa mbili hivi kama kuna TB na kama inashinda rifampisini. Nyumba za ibada nazo zipate hewa ya kutosha.

Ndugu akikohoa majuma mawili, tumsindikize kupima. Akianza dawa, tumtie moyo azimalize. Na akiambiwa kwamba TB yake ni sugu, tusimhukumu kabla ya kujua: labda aliipata pale alipokwenda kutafuta uponyaji.