Basi Letu na Giaboksi Yake

Kurasa nyingine za kijitabu hiki zinaeleza jinsi kwaya ilivyoanza, walimu waliotufunza na nyimbo tulizorekodi. Ukurasa huu tumeutenga kwa ajili ya basi. Wengi mmetuuliza kwa nini pesa za sare mpya zilitengeneza giaboksi kuukuu. Wengine bado mnaamini kwamba dereva wetu ndiye aliyeiharibu. Katika Maandiko, Jubilei ni mwaka wa kila mtu kurudishiwa kilicho chake. Basi katika Jubilei hii ya miaka 25, nasi tunacho cha kurudisha.

Kwa nini tulinunua basi

Anayetoka Nairobi kuja Garissa husafiri zaidi ya kilomita 350. Hupita Thika na Mwingi, kisha Nguni, Ukasi na Bangale, mpaka Madogo, ndipo avuke daraja la Mto Tana na kuingia mjini. Makanisa ya upande huu si mengi, na yako mbalimbali. Kwaya ya huku ikitaka kuimba na wenzake, lazima isafiri. Miaka ya kwanza tulipanda mabasi ya abiria, ngoma zikiwa juu ya keria na kinanda tumekipakata.

Kisha ikaja miaka ambayo hakuna aliyekuwapo atakayeisahau. Jumapili ya tarehe 1 Julai 2012, makanisa mawili ya mji huu yalishambuliwa wakati wa ibada. Novemba 2014, abiria 28 waliuawa baada ya kushushwa kutoka kwa basi karibu na Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu. Tarehe 2 Aprili 2015, Alhamisi ya kuamkia Ijumaa Kuu, watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Walimu wengi kutoka bara waliomba uhamisho, na kwa kuwa kwaya yetu ilijaa walimu, sauti zikapungua. Kuna Jumapili ambayo besi ilikuwa na mtu mmoja.

Lakini historia ya kweli haisemi upande mmoja. Baada ya mashambulizi ya 2012, viongozi wa Waislamu walijitolea kusaidia kulinda makanisa. Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa karibu na El Wak, abiria Waislamu walikataa kutenganishwa na Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi katika tukio hilo, na mwezi uliofuata akafariki. Tunayataja hayo kwa sababu huku kwetu, kuketi ndani ya basi na mwenzako ni jambo zito.

Baada ya miaka hiyo ndipo tulipokubaliana tuwe na gari letu wenyewe, litakaloondoka na kurudi mchana, na ambalo tunamjua anayeliendesha. Kwa harambee mbili na michango ya kila mwezi tulinunua basi kuukuu la shule. Viti vya nyuma viling'olewa ili ngoma, spika na kinanda vipate nafasi. Rangi ya manjano, ambayo kwa sheria ya Kenya ni ya magari ya shule, ilifunikwa kwa nyeupe na buluu. Mchungaji akalibariki. Siku hiyo dereva wetu aliliosha mara mbili.

Maji ya Novemba

Novemba 2023 mvua za El Niño zilishuka, Mto Tana ukafurika, na barabara upande wa Madogo ikafunikwa na maji. Kabla haijafungwa, tulikuwa tukirudi kutoka mazishi ya mzazi wa mwenzetu. Ilikuwa Jumamosi jioni, na kesho yake tulitarajiwa kuongoza ibada. Tulipofika penye maji dereva alisimamisha gari, akashuka, akatazama, akarudi akasema, "Wapendwa, tulale upande huu."

Hatukukubali. Tulimwambia malori yanapita. Tulimwambia Jumapili haiahirishwi. Mmoja wetu akaanzisha wimbo, tukaitikia wote, na wimbo ule haukuwa wa kumsifu Mungu bali wa kumsukuma dereva. Akaingia majini. Maji yalifika ngazi ya pili ya mlango. Tulipotokea ng'ambo tulipiga makofi na kuomba sala ya shukrani.

Juma lililofuata dereva aliomba pesa za kubadilisha oili ya giaboksi. Kitabu cha kumbukumbu za mikutano tunacho. Kimeandika: "Ombi la dereva lijadiliwe mkutano ujao." Mkutano ujao kimeandika vivyo hivyo. Baada ya hapo ombi halionekani tena. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tuliacha ufa miezi mitatu.

Mlio wa gia

Mwanzoni ilikuwa sauti tu. Basi likisimama bila gia, mlio mnene ulisikika chini ya sakafu, na dereva akikanyaga klachi ulinyamaza. Wanaume wa besi walitania kwamba wamepata mwenzao. Kisha gia ya tatu ikaanza kukwaruza, halafu kuruka. Februari 2024, tukipanda kutoka Nguni kuelekea Mwingi, ikakataa kabisa. Tulirudi Garissa tukivutwa na lori, na maneno tuliyomwambia dereva njiani si ya kuandikwa katika kijitabu cha kanisa. Tulisema hajui kubadilisha gia. Yeye hakujibu.

Fundi wa mjini tuliyemwendea ni mzee Mwislamu aliyezoea malori ya mizigo. Aliomba gari liwashwe, akasikiliza, akaagiza lizimwe. Aliweka karai chini na kufungua plagi ya oili. Kwanza yakatoka maji, kwa maana maji ni mazito kuliko oili na hukaa chini. Kisha ikatoka oili yenyewe, nyeupe kama chai ya maziwa. Fundi alitutazama.

"Walimu, gari hili liliingia kwenye maji?"

Dereva aliinamisha kichwa. Angeweza kututaja, naye hakututaja. Ndipo dada mmoja wa sauti ya kwanza akasema, "Sisi ndio tuliomwambia avuke."

Kubadilisha au kutengeneza

Kamati iligawanyika. Wengine walitaka tununue giaboksi iliyotumika kutoka Nairobi, ifungwe kwa siku moja, tumalize maneno. Bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya gharama ya kutengeneza. Wengine walitaka tuliuze basi. Tulimwita fundi mbele ya kamati, naye akasema, "Hiyo ya Nairobi hamjui imepita maji gani. Hii ugonjwa wake mnaujua."

Aliishusha kwa jeki na magogo, akaifungua juu ya turubai. Meno ya gia yalikuwa mazima. Beringi ya shafti inayotoka kwenye injini ilikuwa na kutu, na huo ndio uliokuwa mlio wetu. Pete mbili za shaba zilikuwa zimelika. Alitueleza kazi ya pete hizo. Gia moja huzunguka kwa kasi na nyingine polepole. Zikikutanishwa hivyo hivyo, meno hugongana. Pete hutangulia, hushika moja na nyingine taratibu mpaka mwendo uwe mmoja, ndipo gia ziungane bila kelele. Mwalimu wetu wa kwaya alicheka akasema hata yeye analipwa kidogo kwa kazi hiyo hiyo.

Kazi iliangukia Machi, mwezi wa joto kali. Mwaka huo Ramadhani ilikuja ndani ya Kwaresima. Fundi alifanya kazi akiwa amefunga, na sisi tuliokuwa zamu ya kumsaidia hatukunywa maji mbele yake. Ijumaa mchana alikwenda msikitini, Jumapili sisi tulikuwa kanisani, na siku zilizobaki tulishika spana pamoja. Alibadilisha beringi, pete na sili za oili. Mwisho alifanya jambo ambalo hatukumwomba. Giaboksi ina tundu dogo la kupumulia, na maji yaliingilia hapo. Aliunganisha mpira mrefu kwenye tundu hilo, akaupandisha juu na kuufunga kwenye fremu ya gari, mahali ambapo maji hayafiki kwa urahisi. Kwa mpira huo hakutoza chochote.

Pasaka ilikuwa tarehe 31 Machi. Jumatatu yake tulikwenda Mwingi tukaimba, tukiwa na sare za zamani, na gia ya tatu ikaingia bila sauti. Jioni tulikuwa nyumbani, kwa kuwa kesho yake ilikuwa tarehe 2 Aprili, siku ya kuwakumbuka wale wa chuo kikuu.

Siku nane baada ya safari yetu, tarehe 9 Aprili, basi lenye abiria zaidi ya 50 lilisombwa na maji pale Tula, katika barabara hii hii. Kwa rehema za Mungu wote waliokolewa. Habari hizo zilipofika mazoezini hatukuimba kwa muda. Kila mmoja alikuwa akiikumbuka ngazi ya pili ya mlango.

Mwisho wa mwezi huo tulialikwa tena nje ya mji, na mto ulikuwa umejaa. Dereva alisema hatuendi. Hakuna aliyeanzisha wimbo.

Tunachorudisha

Tangu wakati huo oili ya giaboksi ina fungu lake katika bajeti, na neno la dereva kuhusu barabara halipigiwi kura. Kwa ukurasa huu tunamrudishia dereva wetu jina lake jema mbele ya kanisa lote. Giaboksi haikuharibiwa na mkono wake. Iliharibiwa na haraka yetu, na ukimya wake ulitusitiri. Kwa fundi wetu, tunasema asante. Amealikwa kwenye chakula cha Jubilei, na ametuahidi kuja, ila amesema kwanza atalikagua basi.

Kwa niaba ya kwaya,
Katibu