Kabla ya Kidonge: Dawa za Viungo Malindi na Kilifi

Mtu mzima akiingia dukani kwangu ameshika kiuno, simwulizi anaumwa na nini. Namwuliza ameshapaka nini. Hapa Malindi hakuna mwenye magoti mabovu anayefika duka la dawa bila ya kupita kwengine kwanza: huyu amekandwa na mkewe kwa mafuta ya uta, yule ameumikwa Mambrui, mwengine anatafuna ubani tangu Ramadhani. Kidonge changu ni cha mwisho katika msafara mrefu. Msafara huo nimeujua kwa kuwauliza wazee nikiwa nyuma ya kaunta, na kwa kumkumbuka nyanya yangu, aliyekuwa muumishi wa wanawake kule Mambrui.

Nianze na mafuta ya uta, yaani ya simsim, maana ndiyo yaliyoijenga Malindi ya leo. Mji uliompokea Vasco da Gama mwezi wa Aprili 1498 ulikufa baadaye. Mwanzoni mwa karne ya 19 palikuwa magofu na vichaka. Sayyid Majid wa Zanzibar aliufufua mwaka 1861, akaweka askari, na wenye mali wakaja kufungua mashamba ya mtama na simsim mpaka ng'ambo ya mto Sabaki. Simsim ya pwani hii ilipakiwa majahazini kwenda Zanzibar. Nyengine iliendelea Arabuni, na wafanyabiashara wa Kifaransa waliivusha mpaka Marseille, ikakamuliwe mafuta na kupikwa sabuni.

Waliolima walikuwa watumwa. Wazee wengine wa mjini hulipita jambo hili haraka, mimi sioni sababu ya kulipita. Aliyeinama kutwa kupalilia simsim ndiye aliyekuwa wa kwanza kuumwa na mgongo, na mafuta yenyewe alikuwa wa mwisho kuyapata. Wengine walitoroka wakaenda kuishi Fuladoyo, bara ya Kilifi, na huko nadhani walijikanda kwa mbarika iliyojiotea yenyewe. Hadhi ya utumwa iliondolewa kisheria pwani ya Kenya mwaka 1907. Mashamba makubwa yakadhoofika, lakini mafuta ya uta hayakutoka majumbani. Lamu na Mombasa yalikamuliwa kwa vinu vya ngamia, mnyama akizunguka siku nzima, na chupa zikasafiri mwambao mzima.

Nyanya aliyapika hivi. Uta ulimwagwa katika kikaango, ukatiwa kitunguu saumu kilichopondwa, tangawizi na karafuu chache, moto ukawa mdogo mpaka kitunguu kigeuke hudhurungi. Akachuja kwa kitambaa. Mafuta yalipakwa baada ya sala ya isha, yakiwa na joto la kustahimilika, kisha goti likafungwa jani la mbarika lililopashwa motoni na kitambaa juu yake. Mgonjwa hakuruhusiwa kugusa maji ya baridi mpaka asubuhi, wala kunywa dafu usiku. Ukimwuliza sababu, alijibu kwamba mwili umeingiwa na baridi na ukavu, basi uupe joto na unyevu.

Hakuibuni hoja hiyo. Ni tiba ya Wayunani iliyopita mikononi mwa madaktari wa Kiislamu kama Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, ikafika kwetu kwa vitabu vya Kiarabu na kwa vinywa vya mabaharia. Kila chakula na kila maradhi yalipangwa kwa moto na baridi, kwa ubichi na ukavu. Mpango huo ulichanganya magonjwa mengi chini ya jina la baridi yabisi: goti lililochakaa kwa umri na kazi, vidole vinavyovimba kwa sababu kinga ya mwili imeushambulia mwili wenyewe, hata jongo la dole gumba la mguu, linalotokana na chembe za asidi ya yuriki. Kila moja lina tiba yake leo. Lakini kwa goti la uzee, linaloongoza kwa idadi, kukanda, joto na kutembea bado vimo katika ushauri wa daktari yeyote. Nyanya angecheka akisikia tunalipia ushauri huo.

Chuku ndiyo kazi niliyomwona akiifanya kwa macho yangu. Alikuwa na pembe za ng'ombe zilizokatwa na kulainishwa, kila moja ina tundu dogo kwenye ncha. Aliibandika pembe mgongoni au pembeni mwa goti, akavuta hewa kwa mdomo, kisha akaziba tundu kwa nta aliyokuwa ameiweka tayari ulimini. Ngozi ilivimba ndani ya pembe. Baada ya muda aliing'oa, akachanja kidogo kwa wembe, akairudisha. Damu iliyotoka ilikuwa nyeusi na nzito, na wanawake waliokaa kwenye mkeka waliitazama na kusema, "Hiyo ndiyo yenyewe." Malipo yalikuwa kilo ya sukari, kuku, au dua. Hakukubali kuumika Jumatano, na sikupata kamwe kujua kwa nini.

Ukimwi ulipothibitishwa Kenya mwaka 1984, habari zilichukua muda kufika vijijini, lakini zilipofika watu walianza kuja na wembe wao mfukoni. Kisha pembe zikatoweka. Leo chuku, au hijama kwa Kiarabu, inafanywa kwa vikombe vya plastiki vyenye pampu, na mfanyaji huvaa glavu. Imani ni ile ile, kwa sababu hijama imetajwa katika hadithi za Mtume na Mwislamu hahitaji cheti cha maabara. Mimi humwambia mteja jambo moja tu: kama unameza dawa ya kuzuia damu isigande, usichanjwe.

Ukitoka mjini ukaenda Gede, Jilore au Ganze, unaingia katika tiba nyengine. Wagiriama walikuwa na mganga wa mburuga, anayeagua, na mganga wa mihaso, anayechimba mizizi. Mwenye maumivu ya viungo alichemshiwa majani katika chungu kikubwa akajifukiza, akaoga vuo, yaani maji ya dawa, au akachanjwa chale na kupakwa unga wa mizizi iliyochomwa. Serikali ya kikoloni haikuwa na subira ya kupambanua. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ililenga wenye kujidai nguvu za kichawi, lakini mwenye kibuyu na mkoba wa mizizi alijificha vile vile, maana askari hakuuliza kilichomo. Mwaka 1932 msitu wa Arabuko-Sokoke ukatangazwa kuwa wa Serikali, na aliyekuwa akiingia kuchimba dawa kama anavyoingia shambani kwake akawa mwenye kuomba ruhusa. Nafikiri hapo ndipo elimu nyingi ya viungo ilipopotea, kwa kukosa mwanafunzi. Mijini sisi tulibaki na muarobaini, mti uliotoka Bara Hindi na ambao wengine huuita mkilifi. Umejaa kila ua, na kila mtu anaamini unatibu kila kitu. Mafuta yake ni ya kupaka. Mtoto mdogo asinyweshwe, yanaweza kumdhuru vibaya.

Duka la dawa la kwanza la mwambao huu halikuwa na mfamasia. Lilikuwa duka la Mhindi lenye magunia ya uwatu, manjano, mvuje, habasoda na sanamaki, na nyuma yake rafu ya vichupa. Katika rafu hiyo ndimo zeri zilimoingilia. Amrutanjan ilianza kutengenezwa Bombay mwaka 1893, na ile ya chui, Tiger Balm, ilitokana na familia ya Kichina iliyokuwa Rangoon. Zote zilikuwa na mentholi na kafuri. Nyanya hakuzipenda hata kidogo. Kafuri kwake ilikuwa harufu ya kuoshea maiti, na alipomwona babu amejipaka zeri kisha akalala chali, alimwamsha kwa hasira: "We bwana, geuka ubavu, usinitie uchuro!" Babu alizidi kuipaka.

Namwelewa babu. Mentholi huziamsha neva zinazohisi baridi, pilipili huziamsha zinazohisi moto, na ubongo ukishughulika na habari hizo husikia maumivu kwa uchache. Mmarekani David Julius alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, pamoja na mwenzake, kwa utafiti ulioanza na ukali wa pilipili. Zeri haiponyi goti. Inampa mtu usiku wa kulala, na kwa mzee hilo si dogo.

Kidonge kilikuja kimya kimya. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza aspirini mwaka 1899, na baada ya miongo kadhaa ikawa inauzwa kidonge kimoja kimoja katika kila kioski cha pwani pamoja na kiberiti na majani ya chai. Sheria ya Famasia na Sumu ya mwaka 1957 ilitaka dawa ziuzwe na mwenye kibali, kioski hakikuisoma. Ukitaka kujua kilichoongeza kasi, tazama daraja. Mpaka mwaka 1991 mzigo wa Mombasa uliokuwa ukija Malindi ulingoja feri Kilifi, na wenye maduka tuliagiza kidogo kwa hofu ya kuchelewa. Daraja lilipofunguliwa, basi lililoondoka asubuhi lilishusha maboksi adhuhuri. Ndani ya maboksi hayo kukawa na ibuprofeni, iliyovumbuliwa na kampuni ya Boots ya Uingereza na kuanza kuuzwa mwaka 1969, na diklofenaki, ya Ciba-Geigy ya Uswisi, ya miaka ya 1970.

Diklofenaki ndiyo iliyovunja mazoea ya zamani. Mafuta, chuku, vuo na zeri vyote viligusa ngozi, na vingi vilihitaji mkono wa mtu mwengine. Kidonge mtu alijimezea peke yake na kwenda shambani. Kilifanya kazi kuliko chochote tulichokuwa nacho. Nitakuwa mwongo nikisema vyengine. Lakini kilitumiwa kila siku, kwenye tumbo tupu, na watu wenye presha na sukari. Baada ya miaka ndipo tulipoanza kuwaona wenye vidonda vya tumbo, wenye kutapika damu, na wenye figo zilizochoka.

Kisha kikaja kitu ambacho nyanya hakukijua. Mwaka 2004 chikungunya ililipuka Lamu, na hesabu za baadaye zilikadiria kwamba watu watatu kati ya wanne mjini humo waliambukizwa. Ikafika Mombasa mwaka huo huo, na Mombasa ikaipata tena mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018. Ugonjwa wenyewe ulielezwa mara ya kwanza kutokana na mlipuko wa 1952 na 1953 kusini mwa Tanganyika. Mbu anauma, homa inakuja, na homa ikiondoka viungo vinabaki vinauma kwa wiki, kwa wengine kwa miezi. Vijana waliowahi kuwacheka wazee walishuka ngazi kwa makalio. Tuliwapa parasetamoli, kwa sababu penye homa ya mbu huenda ikawa ni dengi, na aspirini au diklofenaki huzidisha hatari ya kuvuja damu. Wengi walirudi kwa uta na zeri, na wakarudi bila aibu.

Sasa tuko katika zama za virutubisho. Makopo ya glukosamini yanauzwa bei ya mbuzi mdogo. Asili yake kwa kawaida ni magamba ya kamba na kaa, yale yale yanayotupwa mchangani Ngomeni, ambako ghuba ya Ungwana imevuliwa kamba kwa miaka. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2006, wenye wagonjwa 1,583 wa magoti, ulionyesha kwamba glukosamini na kondroitini kwa jumla havikushinda vidonge vitupu. Ni kikundi kidogo tu cha wenye maumivu makali kilichoonyesha dalili ya nafuu. Mafuta ya samaki nayo yamerudi yakiwa ndani ya vidonge laini. Sifa, mafuta ya ini la papa yaliyokuwa yakipakwa majahazi, yalikuwa binamu yao. Na ubani wa Somalia, ambao nyanya aliuloweka usiku akanywa maji yake alfajiri, una jamaa yake wa Kihindi anayeuzwa kwenye kopo lenye picha ya goti jekundu.

Makopo hayo hayanitishi sana. Kinachonitisha ni chupa isiyo na anwani, ile inayouzwa stejini Kilifi na kwenye soko la Mariakani kwa kipaza sauti, inayomwinua mzee kitandani kwa siku tatu. Mitishamba haifanyi kazi kwa kasi hiyo. Mwaka 2022 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliwaonya watu juu ya kirutubisho cha viungo kiitwacho Artri King, kilichokutwa na diklofenaki na deksamethasoni ambazo hazikuandikwa kwenye kopo. Deksamethasoni ni steroidi. Ukiimeza kwa muda mrefu sukari inapanda na mifupa inadhoofika, na ukiiacha ghafla unaweza kuanguka. Nyanya alinionyesha kila kilichoingia katika kikaango chake. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha, au asiye na namba ya usajili wa Bodi ya Famasia na Sumu, asipate shilingi yako.

Kwa goti la uzee mimi huanza na jeli ya diklofenaki ya kupaka, maana kiasi kidogo tu huingia katika damu, na kwa muda mfupi parasetamoli kwa kipimo kilichoandikwa. Uta endelea nao, kukanda usiache. Ukija dukani, kwangu au kwa mwengine, njoo na kila unachomeza, chupa ya mitishamba ikiwemo. Na goti likivimba ghafla, likawa la moto nawe una homa, usipite dukani wala kwa muumishi: nenda hospitali siku hiyo hiyo.