Kupima Urujuanimno Baharini kwa Njia ya Kemia: Kutoka Feri-oksalati hadi Naitrati

Mwaka 1985 Joseph Farman, Brian Gardiner na Jonathan Shanklin walitangaza kuwa ozoni juu ya Antaktiki hupungua sana kila majira ya kuchipua. Tangu hapo, swali la kiasi cha mionzi ya urujuanimno kinachopenya baharini halikuwa tena la wanafizikia peke yao. Mwaka 1992 Raymond Smith na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa fitoplanktoni katika bahari ya Bellingshausen ulipungua kwa asilimia 6 hadi 12. Makadirio ya aina hiyo husimama au huanguka pamoja na kipimo cha mionzi.

Kupima nuru kwa mmenyuko wa kikemia hakukuwa jambo geni. Katika miaka ya 1850, Robert Bunsen na Henry Roscoe walitumia mchanganyiko wa haidrojeni na klorini. Karne moja baadaye, mwaka 1956, Hatchard na Parker waliikamilisha njia ya feri-oksalati ya potasiamu, ambayo imebaki kuwa rejea ya maabara nyingi hadi leo. Hata hivyo, sifa iliyoipa heshima maabarani ndiyo iliyoiponza juani: feri-oksalati hunyonya pia nuru ya buluu, hadi karibu nanomita 500. Kwa kuwa nuru ionekanayo ni nyingi mno kuliko urujuanimno, jibu lake halikuweza kutenganisha hizo mbili.

Suluhisho lililochapishwa mwaka 1999 na Jankowski, Kieber na Mopper lilitokana na kemikali ambazo bahari yenyewe inazo: naitrati na naitraiti. Zikipigwa na mionzi, hutoa radikali za haidroksili. Radikali hizo huigeuza asidi ya benzoiki kuwa asidi ya salisili, ambayo hupimwa kwa mng'ao wake. Naitrati huitikia zaidi kati ya nanomita 311 na 333, naitraiti kati ya 330 na 380. Nuru ionekanayo haina sehemu kubwa katika hesabu hiyo.

Ni kosa kuziona kemikali hizi kuwa mbadala hafifu wa vifaa vya umeme. Ni kweli kwamba haziwezi kuchambua kila urefu wa wimbi, na joto la maji huathiri matokeo. Lakini mrija wa kwatzi uliojazwa myeyusho hupokea mionzi kutoka pande zote, kama seli inayoelea, na huijumlisha kwa saa zote za jaribio. Ukifungwa kwenye kamba ileile, kando ya chupa za sampuli, hupata dozi ileile iliyozipata sampuli hizo.