Kima cha Chini cha Ubinadamu: H. Odera Oruka na Falsafa ya Maadili Tumizi

Utangulizi

Mjimwema ni jina la mahali linalosikika Njombe na Makambako, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Kwa mwanaisimu, jina hilo si la kupitwa hivi hivi. Kivumishi -ema, tofauti na -zuri, aghalabu hueleza mwenendo kuliko sura. Mji mzuri huweza kuwa mji wa majumba ya kupendeza. Mji mwema ni ule ambao watu wake hutendeana wema. Lakini wema huo huanzia wapi? Ni kitu gani ambacho binadamu akinyimwa, jamii inayomzunguka haistahili tena kuitwa njema? Swali hilo lilimshughulisha mwanafalsafa wa Kenya, Henry Odera Oruka (1944–1995). Mhadhara huu unadai kwamba jibu lake, ingawa liliandikwa kwa Kiingereza, linaeleweka vyema zaidi likipimwa kwa msamiati wa Kiswahili.

Haki au hisani?

Odera Oruka alizaliwa Ugenya, magharibi mwa Kenya, akasoma Uppsala nchini Uswidi na Detroit nchini Marekani, kisha akafundisha Chuo Kikuu cha Nairobi tangu mwaka 1970. Wengi humkumbuka kwa utafiti wake juu ya hekima ya wazee. Hata hivyo, sehemu kubwa ya kazi yake ilihusu maadili tumizi, yaani falsafa inayokabili njaa, adhabu, misaada na mazingira.

Mwaka 1974 mwanazuoni wa Marekani, Garrett Hardin, alizifananisha nchi tajiri na mashua ya kuokolea watu: wakipakiwa wote wanaotaka kuingia, wote watazama. Odera Oruka aliikataa hoja hiyo. Kwa maoni yake, kila mtu ana haki ya kima cha chini cha ubinadamu chenye mambo matatu: usalama wa mwili, afya na riziki. Asiyekuwa nayo hawezi kutenda kama kiumbe mwenye utashi wa kimaadili; na asiyeweza kutenda hivyo hawezi kudaiwa aheshimu mali za wengine. Hivyo basi, msaada kwa mwenye njaa si hisani bali ni haki yake, na haki hiyo huvuka mipaka ya dola.

Katika Kiswahili, istilahi "kima cha chini" imezoeleka katika suala la mishahara. Mfanyakazi anayelipwa kima cha chini haombi fadhila, anadai. Maana hiyo ya kudai ndiyo kiini cha hoja nzima.

Dunia kama familia

Baadaye, katika maadili yake ya dunia mzazi, aliifananisha dunia na familia yenye watoto sita: wawili matajiri, wanne maskini. Kila mmoja ana haki ya kufaidi juhudi na bahati yake. Lakini wote wana deni kwa wazazi waliowalea, na uhai wa mmoja wao unapokuwa hatarini, deni hutangulia bahati. Aidha, aibu ya mmoja ni aibu ya familia. Mzungumzaji wa Kiswahili ataitambua mantiki hiyo mara moja, kwani wahenga walisema: mchuma janga hula na wa kwao.

Mwanafalsafa mahakamani

Mtihani mgumu ulikuja baada ya wakili S. M. Otieno kufariki Nairobi mnamo Desemba 1986. Mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Ngong. Ukoo wa Umira Kager ulitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Odera Oruka aliitwa kutoa ushahidi wa kitaalamu kuhusu mila za Wajaluo, upande wa ukoo. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo ushindi.

Hapa pana mvutano usiofaa kufichwa. Katika utafiti wake, Odera Oruka alitofautisha mzee anayezijua mila za watu wake na mzee anayezihoji kwa akili yake mwenyewe. Wa pili ndiye mwanafalsafa. Mahakama, kwa desturi yake, hutaka shahidi aeleze mila ilivyo. Kuihoji ni kazi nyingine, na mjane ndiye aliyehitaji kazi hiyo ifanywe. Kwa hiyo kesi ile inafunza kwamba maadili tumizi hayatoshelezwi na ujuzi wa mila. Ni lazima aulizwe pia yule anayebeba mzigo wake.

Hitimisho

Wazee waliohojiwa na Odera Oruka walizungumza kwa lugha zao, na hoja zao zikachapishwa kwa Kiingereza. Safari ya kuzirejesha katika lugha za Afrika ya Mashariki bado ni ndefu. Wataalamu wa Kiswahili wana wajibu hapo, na wajibu huo hauishii katika kusanifu istilahi. Wanapochagua kati ya "haki" na "hisani," au kati ya "msaada" na "deni," wanaamua pia mwenye njaa atasimamaje mbele ya mwenye shibe: akiomba, au akidai kilicho chake.