Maambukizi ya kiungo cha taya

maambukizi ya kiungo cha taya nm [ya-] (tib)

Maana: ugonjwa utokanao na bakteria kuingia na kuzaliana katika kiungo kinachounganisha taya la chini na fuvu, mbele kidogo ya sikio.

Ufafanuzi: Ugonjwa huu ni nadra. Bakteria, mara nyingi *Staphylococcus aureus*, hufika kiungoni kwa njia ya damu, au hutoka katika jino lililooza, sikio linalotoa usaha au jeraha la karibu. Dalili zake ni homa, maumivu na uvimbe mbele ya sikio, kwa kawaida upande mmoja, na kinywa kutofunguka vizuri. Daktari hufyonza majimaji ya kiungo kwa sindano ili yapimwe, huondoa usaha na kukisafisha kiungo, kisha hutoa antibiotiki kwa mshipa na baadaye za kumeza kwa wiki kadhaa. Hufuata mazoezi ya kufungua kinywa, kwani kiungo kisichotibiwa huweza kugandamana. Kwa mtoto, taya huweza kudumaa.

Matumizi: *Taya limekaza* ni dalili, si jina la ugonjwa. Mchimbaji mdogo wa Geita aliyejikata duarani, au mkulima wa Shinyanga mwenye jino bovu, wote huweza kusema hivyo. Wa kwanza huenda ana pepopunda: sumu ya bakteria walioingia jerahani hukakamaza misuli, ilhali kiungo chenyewe hakina usaha. Tiba yake ni dawa za kuzima sumu na kusafisha jeraha, na hukingwa kwa chanjo. Mfasiri anayeandika *pepopunda* mahali pa *taya limekaza* ametaja ugonjwa ambao daktari bado hajauthibitisha. Na ayaandike maneno ya mgonjwa kama yalivyosemwa, pamoja na upande unaouma, uvimbe na jeraha.

Sarufi: *Taya* ni [li-/ya-]: taya limevimba, mataya yamevimba. *Bakteria* hufuata [a-/wa-]. *Kiungo* [ki-/vi-] pia ni kikolezo cha chakula. Kwa hiyo lisiachwe peke yake katika maandishi ya tiba.

Mfano: Alipewa rufaa kwenda Bugando, Mwanza, kwa maambukizi ya kiungo cha taya la kushoto.

Taz. pia: jipu, pepopunda, usaha.