Nani Aisubiri Diski?

Programu ikiomba data kutoka kwenye diski, lazima mtu angoje. Diski ya sumaku huchukua milisekunde kadhaa kukipeleka kichwa chake mahali data ilipo, na katika muda huo prosesa ya leo ingetekeleza mamilioni ya amri. Tangu miaka ya 1960 mifumo endeshi imekuwa na njia mbili za kukabili hali hii: ama programu iliyoomba ilazwe mpaka data ifike, ama iendelee na shughuli zake na ijulishwe kazi ikikamilika. Njia ya kwanza ndiyo iliyoenea, kwa kuwa ni rahisi kuifundisha. Ya pili ni ya zamani vilevile, na nadhani kuiweka kando kumegharimu kuliko wengi wanavyokubali.

Chukua OS/360, mfumo ambao IBM iliutangaza mwaka 1964. Programu ilitoa ombi la kusoma, kisha ikaendelea na kazi papo hapo. Ilichobaki nacho ni neno moja la kumbukumbu lililotengwa kwa ajili ya ombi hilo. Kazi ikiisha, mfumo uliwasha biti ndani ya neno hilo. Programu ilipofika mahali isipoweza kusonga mbele bila data, hapo ndipo ilipoomba kungojeshwa, na iliweza kungojea maombi kadhaa kwa pamoja. VMS ya kampuni ya DEC, iliyotangazwa mwaka 1977, ilikuwa wazi zaidi: mwito wa QIO ulirudi mara moja, na mwenzake QIOW ulisubiri hadi mwisho. Mwandishi wa programu alichagua mwenyewe. Dave Cutler, mmoja wa waliousanifu mfumo huo, alihamia Microsoft mwaka 1988, na Windows NT aliyoiongoza huko ikarithi fikra hiyohiyo.

Unix ilishika njia nyingine. Ken Thompson na Dennis Ritchie walipoianza katika Bell Labs mwaka 1969, walikuwa na kompyuta ya PDP-7 yenye maneno 8,192 tu ya kumbukumbu. Kwao, programu ikiita read inalala, kiini cha mfumo kinaiamsha data ikifika, na mwandishi haoni kungoja kokote. Wapo watakaosema ni uonevu kuwahukumu watu wa 1969 kwa mahitaji ya baadaye, na hapo sina ubishi. Programu moja ikilala, nyingine hushika prosesa. Kwa mashine ndogo iliyotumiwa na watu kwa zamu, hilo lilitosha kabisa. Lawama yangu inaanzia mwaka 1983.

Mwaka huo toleo la 4.2BSD lilileta mtandao ndani ya Unix, pamoja na mwito wa select, ili programu moja iweze kuhudumia soketi nyingi, yaani miunganisho ya mtandao. Ila select haikuambii kwamba kazi imekwisha. Inakuambia kisima kina maji, nenda ukachote mwenyewe. OS/360 ilikuletea ndoo iliyojaa. Kwenye soketi tofauti hii inavumilika, kwenye diski ni kichekesho: ukiiuliza select kuhusu faili la kawaida, jibu siku zote ni kwamba liko tayari, kisha unasoma na unalala vilevile. Isitoshe, kila mwito ulikabidhi orodha nzima ya soketi ikaguliwe upya toka mwanzo. Mwaka 1999 mwandishi wa programu Dan Kegel alipouliza kwa nini seva moja isihudumie wateja 10,000 kwa wakati mmoja, mzigo huo ulikuwa umekwisha kuelemea. FreeBSD ikajibu kwa kqueue mwaka 2000, na epoll ikaingia Linux mwaka 2002. Orodha ikaacha kukaguliwa upya kila mara. Faili la diski, kwa epoll, likabaki palepale. Hata kulisajili inakataa.

Mtetezi wa Unix atasema dawa ni thredi, yaani mikondo ya kazi ndani ya programu moja: acha thredi moja ilale kwenye diski, nyingine zifanye kazi. Ni kweli inafanya kazi, na ndivyo maktaba ya glibc ilivyotekeleza kanuni za POSIX za mwaka 1993 kuhusu kusoma bila kungoja. Lakini huko ni kumtafuta mwingine wa kungoja badala yako, tena kila thredi inadai kumbukumbu yake. Node.js, iliyojijengea jina kwa kutongoja, ikisoma faili huikabidhi kazi hiyo kwa thredi za pembeni, nne kwa kawaida, nazo zinalala kama programu ya mwaka 1969.

Mwaka 2019 Jens Axboe alileta io_uring katika Linux 5.1: duara mbili za kumbukumbu zinazotumiwa kwa pamoja na programu na kiini, moja ya maombi, nyingine ya majibu ya kazi zilizokamilika. Faili na soketi sasa zinapita mlango mmoja. Pingamizi zito limetoka upande wa usalama: mwaka 2023 Google ilieleza kwamba asilimia 60 ya mashambulizi yaliyowasilishwa kwenye mpango wake wa zawadi kwa wagunduzi wa kasoro za kiini cha Linux yalipitia io_uring, ikaizuia kwenye seva zake. Hoja hiyo ina uzito, ila inahukumu msimbo mpya uliopanuka haraka mno ndani ya kiini kikongwe. Fikra yenyewe ya kujulishwa kazi ikikamilika ilikuwa ikitumika kwenye seva za Windows NT tangu 1994, toleo la 3.5 lilipoleta foleni maalumu ya kazi zilizokwisha, miaka mitano kabla Kegel hajauliza swali lake.